Cheki, Kula, Tishia

Wagonjwa wangu wengi wa pale mtaa wa Atlabara nililetewa na Ustaz, na ni yeye mwenyewe aliyekuwa amewapiga. Alikuwa akimpasua mtu mdomo barazani kwake, halafu anamshika mkono taratibu, anamvusha barabara mpaka dukani kwangu, anamkalisha kwenye benchi na kuniambia, "Daktari, mwangalie huyu, anatoka damu." Mara ya kwanza nilidhani ni mtu mwema aliyemwokota majeruhi njiani, nikamshukuru kwa moyo wote. Yule majeruhi akaniangalia kwa jicho moja lililokuwa bado linafunguka, akatikisa kichwa. Hapo ndipo nikaelewa.

Mimi si daktari. Ni muuza dawa kutoka Kitale, niliyekwenda Juba baada ya mkataba wa amani kama Wakenya wengine wote waliosikia kwamba kule hakuna kitu na kwa hiyo kila kitu kinauzika. Lakini kwenye mji ule wa miaka ile, mwenye spiriti, pamba na uzi wa kushonea aliitwa daktari apende asipende. Naye aliitwa Ustaz kwa sababu alikuwa mwalimu. Kwao neno hilo ni la mwalimu yeyote, na huyu alifundisha hesabu sekondari, na Jumapili aliimba besi kwenye kwaya kwa sauti iliyotetemesha mabati. Jina lake nililijua, lakini sijawahi kumsikia mtu akimwita kwalo, na sitaanza mimi.

Baraza yake ilitazamana na duka langu. Kila alasiri, akitoka shule, aligeuza kreti ya bia juu chini, akaweka ubao wa sataranji juu yake, akapanga kete. Hakupanga kama watu wanavyopanga mwanzo wa mchezo, safu mbili zinazotazamana kwa adabu. Alipanga vita vilivyokwisha kuiva: mfalme kasukumwa pembeni, farasi kaingia ndani ya nyumba ya watu, malkia anawindwa, nusu ya jeshi limeshakufa na kutupwa kwenye mkebe wa maziwa. Kisha anakaa nyuma ya ubao, anakunja mikono. "Weupe wanaanza," anasema. "Weupe wanaua. Nionyeshe vipi."

Ndilo fumbo hilo. Ndani ya fujo ile kuna njia moja ya kushinda, hatua tatu au nne, na kazi yako ni kuiona. Walikuja wengi: walinzi wa benki, waendesha bodaboda, wanafunzi wa chuo kikuu, wanajeshi walio likizoni, mchungaji mmoja aliyejificha nyuma ya wenzake. Mchezo mzima Ustaz hakuucheza na mtu hata siku moja. Walimchokoza, wakamwambia anaogopa kushindwa. "Mchezo mzima ni wa watu wenye amani," alijibu. "Mimi nipeleke mahali panapowaka."

Sheria yake ilikuwa ngumu kuliko fumbo lenyewe. Huruhusiwi kugusa kete mpaka umesema njia yote kwa mdomo, kuanzia hatua ya kwanza mpaka mfalme afe, pamoja na kila jibu ambalo adui anaweza kutoa. Mdomo kwanza, mkono mwisho. Aliyegusa kabla ya kumaliza kusema alichapwa vidoleni na kipande cha waya wa umeme kilichofungwa utepe mweusi. Hakuangalia cheo. Nilishamwona akimchapa luteni mwenye bastola kiunoni, na luteni akavuta mkono wake kwapani kama mtoto wa darasa la pili. Wengine hawakukubali kuchapwa, wakanyanyuka, na hao ndio waliokuja kuketi kwenye benchi langu.

Nikimshona mtu, Ustaz ndiye aliyeshika kichwa. Alikishika vizuri sana, kwa viganja viwili, huku akimnong'oneza mgonjwa, "Malesh, ndugu yangu, malesh, inaisha sasa hivi." Malesh ni pole. Ilikuwa pole ya kweli, na ndicho kilichoniudhi. Angekuwa mkatili moja kwa moja ningejua la kumfanya. Nilimwogopa, nikamchukia, mwisho nikamzoea, na nadhani kumzoea mtu wa namna ile ni aina ya ugonjwa.

Halafu sindano. Ustaz yuleyule aliyekuwa na kovu la risasi begani lenye ukubwa wa kifuniko cha soda hakuweza kutazama sindano ikichomwa. Siku moja alikuja na malaria, nikavuta dawa kwenye bomba, nikageuka, nikamkuta amelala sakafuni mwangu kama gunia. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Alipoamka alinitaka niape kwamba sitamwambia mtu, nikaapa, na jioni ile mtaa mzima ulijua.

Shuleni hakuwahi kumchapa mwanafunzi. Hili sikuliamini mpaka mteja wangu mmoja, ambaye binti yake alisoma kwake, aliponiapia. Walimu wengine walitembea na fimbo, yeye alitembea na chaki. Nilipomuuliza aliniambia, "Watoto wana maadui wa kutosha, Daktari. Mimi nawapiga wakubwa, kwa sababu mkubwa alipaswa kuwa amefikiri."

Mwaka mzima nilitazama ubao ule kutoka kaunta yangu na kujifanya sioni. Halafu siku moja ya mvua, wateja hawakuja, nikavuka barabara. Fumbo la siku ile lilikuwa la mfalme mweusi aliyejibana kwenye kona, kazungukwa na askari wake mwenyewe, na ngome yake karibu. Nilitazama mpaka mvua ikaisha. Kisha nikasema, huku mikono nimeikalia isije ikaniponza: malkia mweupe aende akasimame karibu kabisa na mfalme, pale ambapo farasi wetu anamlinda. Cheki. Mfalme ametishwa, lazima ajibu, na hawezi kumla kwa sababu ya farasi, kwa hiyo ngome lazima imle. Ngome ikila, imeziba nafasi ya mwisho ya mfalme wake. Farasi anaruka. Mfalme anakufa katikati ya watu wake, hana pa kukanyaga.

Ustaz aliinama juu ya ubao. "Umemtoa malkia," akasema.

"Nimemtoa."

"Hukumwonea huruma?"

"Ni mbao, Ustaz."

Alicheka kicheko kikubwa, akapiga paja. Tangu siku hiyo akawa ananitumia fumbo la siku kwenye kikaratasi, pamoja na wagonjwa.

Alichotufundisha kilikuwa kifupi. Ukikuta fumbo, usianze kwa kuwaza, anza kwa kutafuta. Tafuta kwanza kila cheki iliyopo, hata ile ya kijinga. Halafu kila kete unayoweza kula. Halafu kila tishio. Cheki, kula, tishia, kwa mpangilio huo huo. "Kwa nini cheki kwanza?" aliwauliza wageni. "Kwa sababu mtu aliyepigwa cheki hana uhuru. Hawezi kufanya anachotaka, anafanya unachotaka wewe. Ukimnyima uhuru kila hatua, unajua kesho yake kuliko anavyoijua yeye." Waendesha bodaboda waliyapenda maneno haya, wakawa wanayatumia kwa wanawake na kwa polisi.

Kuhusu msituni alikopigana zamani hakusema mengi, na aliyosema hayakuwa ya kujisifu. Mara moja tu alinisimulia, mchana wa Jumapili, akiwa bado na nguo za kwaya. Alisema kikosi chao kilitaka kuuteka mji mdogo wenye ngome ya adui, na ngome haikukaribika. Kamanda akawachagua vijana wachache wakavuke mto mchana kweupe, upande ambao bunduki kubwa zingeweza kuwaona. Waliambiwa ni njia salama. Bunduki zikageukia kwao, na wenzao wakaingia kwa nyuma. Ustaz alikuwa miongoni mwa waliovuka, na ndiye peke yake aliyerudi akitembea. "Tuliuchukua ule mji," alisema. "Ilikuwa hesabu nzuri, Daktari. Nimeirudia kichwani miaka yote, sijaona kosa."

Nilimwambia kwamba kosa ni kuwadanganya vijana. Alinitazama kwa mshangao wa kweli, kama mtu aliyeulizwa mchezo una rangi gani. "Wangejua, wasingevuka," akasema.

Ningepaswa kulikumbuka jibu lile yalipomfika Opio, lakini nani hukumbuka.

Opio alikuwa fundi wa kuchomelea, Mganda kutoka Lira, mwembamba, mwenye macho mekundu ya moto wa kazi. Alitengeneza milango na madirisha ya chuma nyuma ya duka langu, na jenereta lake ndilo lililowasha friji yangu ya chanjo. Kwenye mafumbo hakuna aliyemfikia. Alikuwa anakuja na miwani yake ya welding juu ya paji la uso, anachutama mbele ya kreti, anasema njia yote kwa Kiswahili chake cha kwao bila kupumua: "Hii farasi naenda hapa, nafanya cheki, ile mfalme iko nakimbia huku, mimi nakula hii, kwisha." Waya wa Ustaz haukuwahi kumgusa. Ustaz alimpenda kuliko alivyompenda mtu yeyote Juba, na alimwonyesha kwa kumtafutia mafumbo mabaya zaidi. Kuna wakati polisi walikuja kulichukua jenereta la Opio bila sababu. Ustaz alivuka barabara na kiti cha chuma mkononi, na nikapata wagonjwa wawili wenye sare. Baada ya hapo Opio angemfuata popote.

Sasa kiwanja. Ustaz alikuwa na kiwanja Gurei, upande wa magharibi wa mji, alichopewa na sultani wa eneo lile, yaani chifu wao, aliporudi kutoka Kenya. Mke wake na binti zake walikuwa bado Nakuru, walikokuwa wakimbizi miaka yote ya vita. Alijenga vyumba viwili kwa mikono yake, wikendi moja baada ya nyingine, ili familia irudi nyumbani shule za Kenya zikifungwa. Alikuwa amebakiza geti tu. Akaenda Jumamosi moja na mfuko wa misumari, akakuta wanajeshi wanaishi ndani. Walikuwa wamekata miimo ya mlango kuwa kuni. Walimwambia kiwanja ni cha kanali wao, na kama ana neno, aje alisemee kwenye mtutu.

Hadithi za namna hiyo zilikuwa nyingi wakati ule. Wengi walinyamaza, wakatafuta kwingine. Ustaz alirudi Atlabara, hakumpiga mtu, hakuimba, wiki nzima hakupanga fumbo. Nilimshona hata mtu mmoja? Hapana. Ukimya ule ulinitisha kuliko waya.

Alipopanga tena, hakuwaita watu. Aliniita mimi na Opio. Kwenye ubao kulikuwa na kete chache, na hazikuwa za fumbo lolote nililowahi kuona. Mfalme mweusi alikuwa mbali, nyuma, peke yake. Ngome mbili nyeusi mbele. Upande wetu, askari mmoja mweupe amesimama wazi.

Opio alichutama. "Ustaz, hii askari hapa mbele, hii iko mimi?"

"Ni wewe."

"Nyuma yangu iko nani?"

"Mimi. Na sultani. Na mpimaji wa ardhi." Akaeleza, huku kidole kikitembea juu ya ubao bila kugusa. Opio aende asubuhi kweupe na mkokoteni, aanze kufunga geti. Hiyo ni cheki. Wanajeshi lazima watoke nje wamzuie, hawana jibu lingine. Wakitoka, majirani wote wataona. Saa nne sultani na mpimaji watapita, ameshaongea nao. Sultani atauliza karatasi. Karatasi hawana. Itabidi kanali aje mwenyewe, mbele ya watu, aseme kiwanja amepewa na nani. "Hawezi kusema," alimaliza Ustaz. "Kalas, basi. Amekufa."

"Na wao wakinikula?"

"Hawana nafasi ya kukula. Angalia vizuri."

Opio aliangalia. Nikamwangalia yeye akiangalia, na nikasema kwa sauti kwamba wale si mbao, wale wanakunywa tangu asubuhi, na mtu mlevi hafuati mpangilio wa mtu.

"Mlevi ndiye rahisi kumsoma," alisema Ustaz.

"Basi nenda wewe ukafunge geti."

"Mimi wananijua. Wakiniona mimi watabaki ndani wafyatue. Wakimwona fundi watatoka."

Opio alinigeukia akitabasamu. "Sista, hapana ogopa. Mimi naona hii njia. Iko safi." Na ilikuwa safi kweli. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba hata mimi niliiona.

Nilikwenda. Ustaz alitaka shahidi, na mimi nilitaka kuwepo na mkoba wangu wa dawa, kwa kuwa nilimjua. Ilikuwa asubuhi ya jua kali. Opio alishusha geti kwenye mkokoteni, geti zuri la kijani lenye maua ya chuma, akaanza kuchimba shimo la nguzo. Mimi nilisimama kwenye kibanda cha chai, karibu. Ustaz alisimama ng'ambo ya njia.

Wanajeshi wakatoka. Hatua ya kwanza ilikuwa kama alivyosema. Majirani wakatoka pia, ya pili. Walikuwa vijana, wawili bila mashati, mmoja na sandali za mpira. Wakamzunguka Opio, wakamuuliza anafanya nini, naye akasema kwa upole kwamba yeye ni fundi, ametumwa. Mmoja akapiga geti teke. Mwingine akamshika Opio kola, akamgeuza, akamwonyesha umati mzima kama mtu anayenadi mbuzi, akauliza kwa sauti, kwa Kiarabu cha Juba, "Zol de ta munu?"

Huyu ni mtu wa nani? Kila mgeni aliyeishi Juba analijua swali hilo. Halikuwa swali la kejeli. Lilihitaji jibu, na jibu lilikuwa moja: mwenyeji mmoja, yeyote, atoke mbele aseme ni wangu. Akisema hivyo, utapigwa makofi mawili na kuachiwa, kwa sababu sasa una watu, na kumuua mtu mwenye watu ni kuanzisha jambo. Mimi mwenyewe niliwahi kuokolewa na mwenye nyumba wangu kwa namna hiyo. Asipotokea wa kusema, wewe ni wa mtu gani? Wewe ni wa yeyote aliyekushika.

Nikapiga kelele. Nikasema ni fundi, ni jirani yangu, namjua. Yule wa sandali akanigeukia, akanisukuma kwa kitako cha bunduki begani, nikaanguka juu ya masufuria ya chai. Mgeni hawezi kumdai mgeni. Kutoka pale chini nikamtafuta Ustaz kwa macho. Alikuwa palepale ng'ambo ya njia, mikono kaikunja. Hakuwa anamtazama Opio. Alikuwa anatazama barabara, upande ambao sultani angetokea, na midomo yake ilikuwa inacheza.

"Ustaz!" nilipiga ukelele. "Sema!"

Mwanajeshi aliuliza mara ya pili. Opio pia akageuza shingo, akamtazama Ustaz, bila hofu bado, kama mtu anayengoja mwenzake apokee upande wa pili wa mzigo. Ustaz hakusema. Majirani hawakusema. Kisha wakaanza kumpiga. Walimpiga kwa vitako, wakampiga kwa nguzo ya geti aliyoileta mwenyewe. Alijikunja kulinda kichwa, wakampiga mikono mpaka ikaachia. Ustaz alikimbia mwishoni, alipouona uso wa Opio, akaingia katikati yao akinguruma, akamvunja mmoja taya, na wakampiga naye. Lakini wakati huo Opio alikuwa ameshaacha kujikunja.

Alifia mapajani mwangu, nyuma ya pikapu iliyotupeleka hospitali. Ustaz alikuwa ameketi mbele yetu, meno yametoka, damu inadondoka kwenye magoti yake. Nilimuuliza kwa nini hakusema neno moja, neno moja tu. Alijibu taratibu, kama anayemweleza mwanafunzi.

"Ningesema, wangemwachia, wangerudi ndani. Sultani angefika akute njia tupu. Tungekuwa tumepoteza yote." Akafuta mdomo. "Ilikuwa zamu yao, Daktari. Nilikuwa nangoja zamu yangu."

Sultani alifika saa sita. Kulikuwa na msiba kwa shemeji yake, akachelewa.

Kesho yake nilivuka barabara na mchi wa kusagia dawa. Nilipasua ule ubao vipande vipande barazani kwake, nikamwaga kete kwenye mtaro wa maji machafu, nikamtukana kwa Kiswahili na kwa Kibukusu, matusi ambayo mama yangu hajui kwamba nayajua. Alikaa kwenye kiti chake akinitazama. Alikuwa amevimba, na hakuna mtu aliyekuwa amemshika kichwa. Sikumtibu. Sijutii hilo hata leo.

Kanali alikizungushia kile kiwanja ukuta. Familia haikurudi kutoka Nakuru. Ustaz aliacha shule, na siku moja baraza ilikuwa na mtu mwingine, anayeuza kadi za simu. Nikahamishia duka Jebel, chini ya mlima, kwa sababu sikuweza kuendelea kusikia ukimya wa nyuma ya duka langu, pale palipokuwa na jenereta.

Nilimwona tena mwaka ule wa kura ya uhuru, mji mzima ukiwa na bendera na ngoma. Nilikuwa sokoni Jebel, mchana, nabishana na mama mmoja juu ya mkaa. Mtu akaniita, "Daktari." Niligeuka. Alikuwa amekonda, koti limekuwa kubwa, ndevu nyeupe. Alisimama mbali kidogo, kama anayejua urefu wa mkono wangu.

"Nimetoka Lira," akasema.

Nikaugeukia mkaa.

"Nilienda kwao. Nilitafuta nyumba mpaka nikaipata. Niliwaambia yote, Daktari. Niliwaambia mimi ndiye niliyempeleka, na mimi ndiye niliyenyamaza. Kaka zake walikuwepo, wakubwa, watu wa jembe. Nilivua koti, nikakaa chini uani, nikangoja. Hawakunigusa. Mama yake alileta maji ya kunawa. Akaleta chakula. Aliniuliza kama Opio alikuwa anakula vizuri huku Juba. Akaniuliza nani alikuwa anamfulia."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamjibu kwamba alikuwa anakula vizuri." Sauti yake ile ya besi ilikatika. "Walinitandikia kitanda chake. Nimelala kwenye kitanda chake, Daktari. Sijawahi kupigwa hivyo. Nipige wewe. Tafadhali. Wewe unaweza."

Nilimpiga. Nilidhani nitamzaba kofi moja niende zangu, lakini mkono ulipoanza haukukubali kusimama. Nilimpiga usoni, nikampiga kifuani kwa ngumi, nikampiga na mfuko wangu wenye chupa za dawa mpaka zikavunjika, nikawa nalia na kumpiga. Hakuinua mkono. Watu wakajaa. Wakamwona mwanamke mgeni, Mkenya, akimpiga mzee wao katikati ya soko lao, na minong'ono ikaanza kugeuka kuwa makelele. Mwanajeshi akapenya, akanikamata mkono nyuma ya mgongo mpaka bega langu lile la Gurei likalia. Akageukia umati, na akauliza lile swali. Zol de ta munu?

Ustaz alikuwa amepiga goti, damu inamtoka puani. Hakuhesabu kitu. Alijibu kabla mwanajeshi hajafunga mdomo.

"De okti tai," alisema. "Sibu uwo." Huyu ni dada yangu. Mwache.

Mwanajeshi akaniachia palepale. Hakuuliza la pili, akaenda zake, na watu wakatawanyika, na mama wa mkaa akarudi kwenye mkaa wake. Ikawa imekwisha, kwa urahisi ule. Nilibaki nimesimama mbele ya Ustaz, naye alikuwa ananitazama kutoka chini, na wote wawili tulijua kwamba angesema hivyo siku ile Gurei, Opio angekuwa hai.